Nthambi na Kibali cha Rumande Mpya

Bi. Nthambi Mutunga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, baada ya kuitumikia rumande yetu ya watoto kwa miaka thelathini na miwili. Alikuja kama mlezi wa bweni, anaondoka akiwa matroni mkuu. Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, lakini nikikasirika njiani mniwie radhi, kwa sababu mimi ndiye mtunza stoo na idadi ya magodoro naijua.

Kwa asiyewahi kuingia humu: hapa huletwa watoto wanaongoja kesi zao zisikizwe. Mabweni yalijengewa watoto themanini. Leo asubuhi walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Wanalala mzungu wa nne, watatu kwa godoro la mmoja, na anayetaka kugeuka sharti awaamshe wenzake. Upele ukimwanza mmoja Jumatatu, kufikia Alhamisi bweni zima linajikuna.

Watoto humwita Mathe, yaani mama, hata wale wajeuri. Hapendi shati lisilofungwa vifungo, na hapendi kuambiwa kitu hakiwezekani. Wauza nyama wa soko la Burma wakimwona Desemba hujificha nyuma ya mizani, maana mwaka mmoja alikwenda kununua mifupa ya supu akarudi na mbavu za mbuzi mzima, na mwenye bucha akambebea mpaka langoni huku akiomba msamaha. Mpaka leo hatujui alimwambia nini.

Mwaka 2019 tulipewa kiwanja cha kujenga rumande mpya, kati ya maghala ya Industrial Area na mtaa wa Baraka Court. Tukashangilia mapema, wajinga sisi! Kumbe ardhi ile ilikuwa imetengewa maghala, na ilibidi kwanza kipatikane kibali cha kubadilisha matumizi yake. Sharti mojawapo lilikuwa ubao wa tangazo usimame pale siku kumi na nne mfululizo, ili majirani wenye pingamizi wapate kusema.

Ubao wa kwanza ulikuwa wa bati. Jamani, ni nani anayesimamisha bati jipya Industrial Area akitarajia kulikuta? Siku ya tatu lilikuwa limeshapimwa kwa kilo na kuuzwa kama chuma kikuukuu. Karani wa vibali akasema siku zianze upya. Tukaweka wa mbao, ukaishia kuchoma mahindi. Siku zianze upya! Tukaweka wa tatu, nao ukaota miguu. Mambo yakawa hayo, faili linarudishwa, linapotea, linapatikana, miaka ikapita. Katika muda huohuo maghala matatu yaliota jirani na kiwanja chetu, na sikusikia kwamba ubao wa yeyote kati ya wale matajiri uliwahi kuchelewesha jengo lake.

Mwaka jana Bi. Nthambi akachukua likizo yake, siku kumi na nne kamili, akaenda kukaa kando ya ubao wa nne. Alibeba kigoda, chupa ya chai na kitambaa cha kufuma. Usiku alipokezana na bawabu wetu, Opicho. Vijana waliokuwa wakitoka vibarua kurudi Mukuru kwa Reuben walimpitia: “Niaje Mathe, unachunga nini?” Naye akawajibu, “Nachunga vitanda.” Siku ya kumi na nne karani alikuja, akaukuta ubao, akaandika kwenye faili kwamba siku zimetimia.

Hapo likabaki pingamizi. Mwenyekiti wa Baraka Court, Bwana Gitonga, alikusanya sahihi mia tatu na arobaini. Eti bei ya nyumba zao itashuka, eti hawataki kuletewa wahalifu wa watu wengine. Wa watu wengine! Kwenye kikao cha kusikiliza pingamizi hilo, Bi. Nthambi alisimama na daftari la mapokezi likiwa limefungwa. Hakutaja jina la mtoto hata mmoja. Alisema tu kwamba kumi na tisa kati ya watoto wetu wametoka Baraka Court.

Bwana Gitonga akacheka, akadai ushahidi. Ndipo akainuka Bi. Khadro, anayeuza vitambaa kwa jumla, mjumbe wa kamati ya Gitonga mwenyewe. Majirani walikuwa wameambiwa mwanawe yuko shule ya bweni. Alisema: “Mmoja wao ni wangu. Jumapili nilimkuta na vidonda vya kujikuna. Sahihi yangu ifuteni.” Niliona wengine saba wakienda mezani kufuta zao, wameinamisha vichwa. Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua kama nilivyompenda mama yule.

Kibali kilitolewa Novemba. Kitakufa msingi usipochimbwa kufikia Novemba mwaka ujao, na hadi ninapoandika haya hakuna aliyepeleka hata jembe. Hii ni aibu, na sitaipamba.

Wageni wote mnaalikwa kumuaga saa nane mchana, uani. Mvua ikinyesha mtaloa, kwa kuwa ukumbi wetu umejaa magodoro. Waheshimiwa wanaopaswa kutia sahihi ili ujenzi uanze wamealikwa pia, na Bi. Nthambi ameomba hotuba zao zitolewe ndani, katikati ya hayo magodoro, wakiwa wamesimama popote watakapopata pa kuweka mguu.

Asante, Mathe, kwa miaka yote hiyo. Mungu akupe afya na siku nyingi za raha huko nyumbani. Lala kitanda kizima, ugeuke utakavyo. Faili umeniachia mimi, na mimi, Odera, sina haya ya kupiga kelele.