Jiwe la Kaka Mtu

Kona ya saluni, pale penye benchi la kahawa, siku hiyo wateja walibanana upande mmoja kama kuku wa sokoni, maana upande wa pili limelazwa jiwe la kaburi: jeupe, lina mishipa ya kijivu, jina la marehemu limechongwa katikati. Kalileta mtu wa mkokoteni. Aliyelituma ni kaka yake Mama Kahawa, kwa kaburi la mama yao. Na hawa wawili, jamani, tangu matanga hawajaamkiana. Mama Kahawa alimimina kahawa, jicho kwenye jiwe. Likiwa marumaru ya kweli, ugomvi uishe. Likiwa feki, linarudi leo leo.

— Nyundo, wewe mwashi. Jiwe hilo?

Nyundo akalipapasa.

— Marumaru haizaliwi marumaru, dada. Kwanza ni jiwe la chokaa. Linazama chini huko, ardhi inalikandamiza, joto linalipika, mpaka chembe zishikane, zimetemete kama sukari. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Chokaa! Kaka kamletea mama chokaa?

— Iliyopikwa.

— Hata chungu kimepikwa, baba. Hakijawa dhahabu.

Nyundo akakwaruza pembeni kwa ufunguo. Mstari ukabaki.

— Mnaona? akadakia Redio, kinyozi wa saluni. Jiwe gani linashindwa na ufunguo? Hiyo ni saruji na unga wa chupa. Mishipa kachora mtu kwa unyoya wa kuku!

— Acha uzushi, Redio.

— Uzushi? Mficha uchi hazai! Humo ndani kaka mtu kazifukia bangili za marehemu.

Mama Kahawa akaweka birika chini. Bangili zile hazijaonekana tangu mazishi.

— Lipime kwa ndimu, Redio akasema. Likitoa povu, feki.

Nyundo akakuna kichwa, akanywa kahawa yake.

Mama Kahawa akakamua ndimu juu ya jina. Tsss. Vipovu.

— Feki! benchi zima likapiga kelele.

Mama Kahawa akafuta haraka kwa kitambaa. Mng'aro umeondoka, jina la mama limebaki na doa, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

— Lakini… Nyundo akasema polepole, marumaru ya kweli nayo si inatoa povu? Si chokaa hiyo hiyo?

— Na ulikuwa wapi kusema? Mama Kahawa akamgeukia.

— Mlikuwa mnapiga kelele.

Mtu akasimama nyuma yao, kofia mkononi. Kaka mtu.

— Mdogo wangu, nimekuja mwenyewe. Tukamuwekee mama pamoja.

Akainama, akapitisha kidole juu ya jina.

— Nani kaliunguza?

Ndimu ilikuwa bado mkononi mwa Mama Kahawa.