Sentimita Arobaini

Mpima ardhi alikuwa amekaa mbele yangu kwenye basi, kakumbatia miguu mitatu ya kusimamishia chombo chake. Mama aliyekaa naye alimkagua, kisha akauliza, "Mwanangu, si wewe uliyekuwa unachungulia darubini nyuma ya shule yetu wiki nzima?" Akakubali. Walikuwa wanapima miinuko ili mtaro wa mvua uchimbwe panapofaa.

"Basi nisaidie. Wifi yangu ni jirani yangu, na huu mwaka wa sita anadai maji yanayoingia jikoni kwake yanatoka uani kwangu. Mwambie kwetu ni tambarare."

"Tambarare haipo, mama," alisema, akakunjua ramani yenye mistari iliyojipinda kama alama ya dole gumba. Akatafuta nyumba ya mama, akatafuta ya wifi. "Ua wako uko juu kwa sentimita arobaini. Maji ni yako."

Mama akaiinamia ramani. Nikamhurumia, lakini nilijisumbua bure.

"Yaani mimi niko juu ya wifi?"

"Kidogo tu."

"Arobaini si kidogo, baba. Tangu niolewe na kaka yake ananitazama kama niko shimoni."

"Lakini mama, hayo maji..."

"Maji tutayazungumza. Niandikie hiyo arobaini, na muhuri upige."

Basi liliposimama kituoni kwake, mpima ardhi alikuwa bado anaeleza habari za mtaro. Mama alishuka shingo imenyooka, na kwa jicho langu, lisilo na darubini, zile sentimita zilikuwa zimeshafika hamsini.