Vester Huskins, Aliyekataa Kuuza Injini ya Mdogo Wake

Mchungaji, ndugu, majirani wa Lick Fork, nanyi mliotoka gereji moja kwa moja mkiwa bado na grisi kwenye kucha, familia inawasomea maisha ya Vester Lyle Huskins kama alivyoyaishi, si kama yalivyochapwa kwenye gazeti la jana, ati aliacha mbio za magari kwa hiari yake. Hiari gani?

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa Lick Fork, Carolina ya Kaskazini, mtoto wa kwanza wa marehemu Ransom na Ollie Huskins, akafuatiwa na Arvil, mdogo wake wa pekee, akasoma shule ya kaunti hadi darasa la kumi, akaikatisha mwaka 1954 baba yao alipovunjika mgongo, akaingia kiwanda cha nguo kuwa fundi wa mitambo ya kufuma, na humo alikaa hadi kilipofungwa mwaka 1999. Tarehe 6 Juni 1959 alifunga ndoa na Nola Rae Greer katika kanisa hili la Kibaptisti, wakajaliwa watoto wawili, Wanda na Daryl.

Udereva wake wa mbio haukufika hata msimu mmoja. Kipupwe cha mwaka 1963 yeye na Arvil walijifungia ghalani wakaunda injini kutokana na vyuma vya magari mabovu, wakaifunga kwenye Ford kuukuu, na mwezi Februari 1964, kabla haijaingia uwanjani hata mara moja, Arvil akaangukiwa na magogo kwenye kiwanda cha mbao, akafa. Vester akaanza mbio mwezi Aprili akiwa na injini hiyo, kwa sababu ndiyo kazi ya mikono ya Arvil iliyobaki duniani.

Sasa, uwanja wa udongo mwekundu ulikuwa mali ya Bwana Coy Bumgarner, muuza magari, ambaye pia aliingiza gari lake kwenye mbio hizo hizo, na sheria ya uwanja ilisema mshindi lazima auze injini yake kwa bei ndogo iliyopangwa akitokea mshindani wa kuinunua, ili tajiri asiwashinde watu kwa mfuko wake. Sheria nzuri hiyo! Lakini mwezi Juni, gari la Bumgarner liliposhinda na Vester akaenda na pesa mkononi kuidai injini ya gari hilo, aliambiwa ofisi imeshafungwa, arudi wiki ijayo, na wiki ijayo akaambiwa amechelewa.

Tarehe 22 Agosti 1964 Vester alishinda, ushindi wake wa kwanza na wa mwisho, na vumbi halijatua Bumgarner akatandaza noti juu ya boneti.

"Fungua injini, kijana. Sheria ni sheria."

"Mwezi Juni ilikuwa wapi, Bwana Coy? Ilikwenda kuvua samaki?"

Watu wakaangua kicheko, Bumgarner akaiva uso kama nyanya, akasema asipouza hatakanyaga tena uwanja huo maisha yake yote. Nola, mwenye mimba ya Daryl, akapanda akakaa juu ya boneti, juu ya noti zile zile, akasema, "Mume wangu, washa gari twende nyumbani."

Wakaenda. Akafungiwa maisha, na kila masika alikwenda mwenyewe langoni kuomba afunguliwe, kofia mkononi, kwanza kwa baba na baadaye kwa mwana, Terrell Bumgarner, akijibiwa kwamba suala lake linaangaliwa. Wameliangalia hadi amezeeka.

Mwaka 2011 kifua kilianza kumbana kwa vumbi la pamba la kiwandani, daktari wa kampuni iliyokimiliki kiwanda akasema ni sigara, mtu ambaye hajawahi kuvuta hata moja, akaugua hadi alipofariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 10 Novemba 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa Nola.

Juzi Jumanne Terrell alipiga simu kusema kwamba Vester amefunguliwa, na kwamba leo jeneza lipitishwe uwanjani, lizungushwe mara moja kwa heshima, wapiga picha watakuwepo. Nola alimjibu hivi: "Terrell, mwanangu, alipokuwa anakuomba alikuwa na mikono ya kushika usukani. Leo unamfungulia nani?"

Tunawashukuru Daktari Shuford na wauguzi waliokuja hadi kitandani, majirani walioleta kuku wa kukaanga na kuni, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, hata ninyi mnaopumua kwa taabu mkaja hivyo hivyo. Msafara wa makaburini utapitia barabara ya kijitoni, ingawa ni ndefu, wala hautapita kwenye lango la uwanja, na anayetaka kuuona uwanja huo leo aende peke yake, sisi tunampeleka Vester kulazwa ubavuni mwa Arvil.

Lala salama, Vester. Hukuuza.