Mwandishi wa Mvua wa Sinema ya Elburgon

Bi. Naliaka Oduor anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, baada ya kuitumikia kampuni ya Sinema za Bonde kwa miaka thelathini na minne. Yote ameitumikia hapa Elburgon, na kwa hesabu yangu mimi Kipketer, fundi wa projekta, thelathini kati yake ilikuwa ya mvua.

Wageni waelezwe kidogo. Kampuni yetu ina kumbi tatu. Ya kwanza iko Bondeni, Nakuru, ilifunguliwa na familia ya Mzee Nasir, mwenye kampuni, na ndiyo yenye viti vya sponji. Ya pili iko Rongai, ndani ya ghala la zamani la mahindi. Mizani ya magunia bado iko mlangoni na hakuna mteja anayeingia bila kujipima. Ya tatu ni yetu: kuta za mbao, viti vya mbao, paa la mabati matupu. Hapa mvua hufika saa tisa alasiri. Filamu huanza saa nane na nusu. Mzee Nasir aliipanga ratiba hiyo akiwa Nakuru, kwenye jua, na hajawahi kuibadilisha.

Naliaka aliajiriwa mwaka 1991 kuuza tiketi. Wiki yake ya kwanza mvua ilipiga mabati hadi watu wakabaki kutazama midomo ikichezacheza tu. Akatafuta ubao na chaki, akafunga tochi juu yake, akasimama kando ya skrini, sikio kwenye spika ya upande huo, akawa anaandika wanachosema waigizaji. Ukumbi ukapiga makofi. Cheo chake kikawa Mwandishi wa Mvua, na barua yake ya kazi inasema hivyo hadi leo.

Mwaka 2003 nilipanda ngazi kupangusa ile spika, nikakuta haina waya. Panya walishautafuna zamani, tena zamani sana! Nikamwuliza miaka yote hiyo alikuwa akisikia nini. Akanijibu bila haya kwamba hajawahi kusikia kitu, na kwamba nyuso za waigizaji zinatosha. Ndipo nikaelewa kwa nini majambazi wote wa filamu za Elburgon hugombania mpaka wa shamba. Kuna harusi iliyokaribia kuvunjika kwa sababu wakwe wa Rongai, walioiona filamu ileile kwao, walishikilia kwamba shujaa fulani alikufa, na sisi sote tunajua alihamia Molo akafuga ng'ombe wa maziwa.

Mwaka 2012 kampuni ilituwekea dari ya kuzuia kelele. Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha na kila neno likasikika. Wee! Yule shujaa tuliyemjua miaka yote kuwa daktari wa mifugo, kumbe ni mwizi wa benki! Mama Chepkemboi, mteja wetu wa kila wiki, alilia akisema ametukanwa. Jumatatu wapasua mbao walikuja na misumeno yao, na dari ikawa chini kabla ya chai ya saa nne. Mzee Nasir alipanda kutoka Nakuru akiwa amefura kwa hasira. Mvua ikamkuta ndani, akausoma ubao hadi mwisho wa filamu, akaondoka akijipangusa macho. Habari za dari hajazitaja tena.

Sasa mrithi wa Naliaka ni mimi, na ofisi kuu imesema wazi kwamba wateja wakipungua ukumbi huu utafungwa. Mwezi uliopita nilijaribu. Niliikariri filamu nzima, nikaandika hasa kile walichosema. Nusu ya watu wakatoka. Waliobaki wakaniambia boss, rudi kwa mashine yako, umetuharibia picha. Niliona aibu hadi nikataka kuacha kazi. Naliaka alinicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akaniambia kosa langu ni kutazama skrini. Yeye hutazama watu, halafu huandika kile wanachongojea.

Jumanne tulifanya mazoezi ya sherehe hii. Mimi nikisoma hotuba, mvua ikaanza, naye kwa mazoea akachukua ubao. Nilipofika pale pa kusema tutakukosa sana, aliandika: "Anasema chai iko tayari." Wafanyakazi wote wakainuka wakaenda. Nikabaki na karatasi yangu. Akanitazama, akafuta, akaandika neno moja: "Utaweza."

Mathe Naliaka, mama yetu, leo hotuba itasomwa saa tisa na hakuna atakayeisikia, kwa hivyo tumeichapisha. Asante kwa miaka yote hiyo. Tunakupenda, na tunakuombea afya, usingizi mzuri na maziwa ya kutosha huko uendako. Usijisumbue kuinuka. Ubao leo nashika mimi, wewe keti kiti cha mbele usome.