Siku Kogo Aliponiambia Nichomoe Plagi

Bwana asifiwe! Asifiwe na walioketi mbele, na asifiwe na ninyi mliokaa karibu na mlango mkiangalia mawingu! Mnanijua. Mimi ni Mama Cherono, fundi wa nguo hapa juu ya Kiptere, yule aliyewashonea kwaya majoho yao. Leo sikuja kuimba. Nimekuja kushukuru, kwa sababu niko hai na mashini yangu ya kushona iko nzima.

Ndugu zangu, wengi wenu tulichuma chai pamoja. Nilibeba kikapu tangu nikiwa msichana mpaka mgongo ukakataa. Daktari aliniambia wazi kwamba nikirudi shambani na kikapu, nitaishia kitandani. Kwa hiyo mashini ile ya stima ndiyo ikawa shamba langu. Ikifa, sina kazi nyingine ninayoiweza.

Sasa, mtu aliyelelewa kwa chai haogopi mvua. Huku kwetu mvua ikianza, mchumaji anafunga plastiki yake kiunoni na kuendelea. Ukisema ungojee ipite, utachuma lini, na hapa inanyesha karibu kila alasiri? Niliingia kwa ushonaji na mazoea hayo hayo. Radi inapiga, mimi nakanyaga pedali. Baba Cherono akinikemea, namwambia mvua ni maji tu na sisi tuko chini ya mabati.

Mwenye hofu nyumbani alikuwa mama mkwe wangu. Sisi wote tunamwita Kogo, vile wajukuu wanavyomwita bibi yao. Ngurumo ikisikika, Kogo anageuza kioo kiangalie ukuta. Anakusanya kila kitambaa chekundu na kukisukuma chini ya kitanda. Nikisimama kidogo tu, au stima ikipotea, anachukua blanketi zito na kufunika mashini yangu pamoja na televisheni, ili radi isivione. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Nilimtania kwamba mashini inalala vizuri kuliko mimi.

Lakini waya, ndugu zangu! Hakuna aliyekumbuka waya. Blanketi liko juu, na plagi imekaa ukutani kama kawaida.

Alasiri moja mvua kubwa ilikuja na stima ikapotea. Kogo akafunika vitu vyake, tukakaa tukinywa chai tukingoja. Stima iliporudi, ilirudi na hasira! Balbu ya sebuleni ilipasuka. Tukasikia mlio chini ya blanketi, halafu moshi ukaanza kutokea pembeni. Tulipolifunua, mota ya mashini ilikuwa imeungua na televisheni imezima kabisa. Nililia mpaka majirani wakafikiri kuna msiba.

Wakati ule nilipita kwenye magumu. Shemeji yangu wa Chebunyo aliniazima cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu, lakini kila jioni mgongo ulikuwa ukiniuma mpaka nashindwa kuinama. Kuna walioniambia nimeangaliwa na jicho baya, nitafute mtu wa kusafisha boma. Nilikataa. Nilipiga magoti nikasema, "Baba, sitaki kuambiwa ni nani. Nataka kujua ni nini."

Na Mungu akajibu! Wala hakujibu kwa ndoto. Mnakumbuka kinanda na spika za hapa kanisani ziliungua siku ile ile mota yangu ilipoungua, na aliyeitwa kuzitengeneza ni dada yetu Chelang'at, fundi wa stima. Nilimngoja pale nje mpaka akamaliza, nikambembeleza twende nyumbani. Alibadilisha mota. Kisha akaona blanketi, akauliza ni la nini, nikamweleza.

"Mama, blanketi si mbaya, itazuia vumbi," akasema akicheka. "Lakini hii kitu haiangalii rangi wala haiangalii kioo. Inapitia kwa waya. Ukiacha plagi kwa ukuta, umeiachia mlango wazi."

Alipigilia fimbo ndefu ya shaba ardhini nje ya nyumba, akaiunganisha na waya wa ardhi wa nyumba nzima, ili stima iliyozidi ikimbilie udongoni. Akaniwekea pia kifaa kidogo pale plagi inapoingia ukutani, kile ambacho stima ikirudi kinaizuia kwanza mpaka itulie. Lakini alinionya. Vitu hivyo vinasaidia stima inapopanda na kushuka. Radi yenyewe ikipiga karibu, hakuna cha kutegemea kama plagi iliyochomolewa. Tena ichomolewe ngurumo ikiwa bado mbali, kwa maana ikishafika juu ya paa, hata kuushika waya ni hatari.

Mimi nilisikia, lakini aliyesikia zaidi ni Kogo. Alikuwa ameketi pale akimsikiliza Chelang'at kwa makini, mkono shavuni. Tangu siku hiyo aliachana na kioo, akahamia kwa plagi! Masikio yake hayasikii nikimwita chakula kiko tayari, lakini ngurumo ikilia huko ng'ambo anaisikia kabla ya mtu yeyote. "Chomoa!" Jirani yetu naye siku hizi anachomoa friji yake kwa sauti ya Kogo.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye ushuhuda. Shule zilikuwa zinafungua kesho yake. Nilikuwa na sare za watoto, nimebakiza kola moja. Jua lilikuwa linawaka kabisa juu yetu. Kogo akaja na fimbo yake akasimama mlangoni.

"Mama Cherono, chomoa."

"Kogo, imebaki hii kola tu. Na angalia jua."

"Kola haina watoto. Wewe uko na watoto. Chomoa hiyo kitu!"

Ndugu zangu, nilikasirika. Nasema ukweli mbele za Mungu, nilichomoa plagi kwa hasira, nikaviringisha waya, nikaenda kukaa naye katikati ya sebule mbali na ukuta, nimenuna. Yeye hakujali. Dirishani niliona wachumaji ng'ambo ya barabara wakikimbilia banda la kupimia majani, maana upepo ulikuwa umebadilika na anga imefanya giza ghafla.

Kisha ikapiga! Nyumba nzima ikawa nyeupe. Ilishukia mti ulio kando ya nguzo ya stima, ikaupasua kutoka juu mpaka chini. Tulisikia mlipuko ndani ya chumba changu cha kushonea. Nilimshika Kogo, Kogo akanishika, na sijui ni nani aliyekuwa akimtuliza mwenzake.

Mvua ilipoisha tuliingia. Meta ilikuwa imeungua. Ukuta ulikuwa mweusi. Soketi ilikuwa imeng'oka ukutani ikaangukia kiti changu, kile kiti ninachokalia, ikatoboa mto wake kwa moto. Na mashini ilikuwa pale pale mezani, kola chini ya sindano, waya umeviringishwa vile nilivyouacha. Stima iliporekebishwa niliichomeka mashini. Sindano ikatembea! Nilimaliza ile kola huku machozi yakinidondoka juu ya kitambaa. Kogo akaniambia nisiiloweshe kabla mwenyewe hajaivaa.

Asante Yesu! Asante kwa mashini, na asante zaidi kwa kuniinua kutoka kwa kile kiti. Wewe uliye na mzigo moyoni leo, mwamini huyu Mungu. Mwambie shida yako kwa jina lake. Na akikutumia jibu, lipokee, hata likija na mafundi, hata likija na mama mkwe anayekusumbua katikati ya kazi. Mimi nilimwomba aniokoe, na alipokuja kuniokoa nikamnunia.

Ngojeni. Namwona Kogo amesimama pale nyuma. Mmesikia kitu? Mimi sijasikia, lakini yeye amesikia. Mchungaji, naomba radhi. Dada Chelang'at, tafadhali, chomoa kinanda na hizo spika. Na hii maikrofoni ichukue. Nitamaliza kwa mdomo wangu tu.

Bwana asifiwe! Mnanisikia huko nyuma? Basi inatosha.