Nakuja, Fundi wa Trekta la Rangi Nne

Ndugu, majirani na wote mliofika: karatasi hii imeandikwa na mdogo wa marehemu, yule dereva wa trekta, na ndiye anayeisoma. Wasifu huandikwa kwa utulivu. Huu umeandikwa kwa kukaa na kuinuka, kukaa na kuinuka, kwa sababu kuna jambo dereva lazima aliseme kabla ya udongo kumwagwa. Litafika mahali pake. Mvumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1954, asubuhi ya siku ya soko, mtoto wa kwanza wa mama msusi wa mikeka na baba mlinzi wa ghala la nafaka. Alitembea akiwa na miezi tisa. Mama yao alikuwa akisema mtoto huyu hakutambaa kabisa, hakuwa na nafasi hiyo. Mdogo wake alizaliwa miaka sita baadaye, na tangu alipojua kusimama akawa anamfuata kaka yake nyuma nyuma, akibebeshwa makosa yote ya nyumba nzima.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962 na kumaliza darasa la saba mwaka 1968. Walimu walimpenda sana kila alipokuwa amekaa, jambo lililotokea kwa nadra. Akiwa darasa la tano aliifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu ili ajue kwa nini inachelewa. Aliirudisha ikienda barabara, akala viboko vinne, na mwalimu mkuu akaanza kuwahi kazini. Jina la Nakuja alilipata nyumbani. Ukimwita mezani alijibu "Nakuja!" huku mgongo wake unaishia mlangoni.

Januari 1971 aliajiriwa karakana ya chama cha wakulima, kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Kufikia 1980 alikuwa fundi mkuu. Mwaka 1988 chama kilinunua mnadani trekta kuukuu lililokuwa limesimama miaka mitatu. Lilikuwa na boneti ya bluu yenye jina la kampuni, injini ya kijivu, giaboksi nyekundu na ekseli ya mbele ya njano. Lilikuwa limeshawashinda mafundi watatu. Kila mmoja aliagiza vipuri kwa kufuata jina lile la kwenye boneti, vipuri vikaja vipya vinameta, vikakataa kuingia.

"Jina hilo ni la boneti peke yake," Nakuja aliwaambia. "Nyie mnaiuliza kofia habari za miguu."

Hapa lazima aingie shemeji yetu, mke wa marehemu, kwa sababu bila yeye trekta lile lingeuzwa kwa kilo. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979. Bwana harusi alifika na grisi kwenye pindo la shati. Bibi harusi, fundi cherehani, alilikunja pindo lile mbele ya wageni, akalibana kwa pini, shughuli ikaendelea. Mwaka ule wa trekta, Nakuja alichukua futi yake ya kupimia nguo bila kuomba.

"Futi yangu inanuka dizeli!" shemeji alifoka. "Wateja wangu wavae dizeli?"

"Sekunde moja, mama watoto, njoo uone."

Alimshikisha bolti ya mbele, akaweka futi. Meno ya bolti yaliingia kamili ndani ya inchi moja. Akachukua ya nyuma: kwenye inchi yakabaki nusunusu, mpaka alipoigeuza futi upande wa sentimita, yakakaa. Trekta lilikuwa limeunganishwa na watu waliopima dunia kwa namna mbili! Kuanzia siku hiyo alipima kila nati, akakwangua uchafu kwenye kila chuma mpaka akaona namba zilizochongwa, akazunguka mashamba na kwa wauza vyuma chakavu kuuliza nani aliwahi kuwa na mashine ya namba hii. Ilimchukua miezi kumi na moja. Tarehe 19 Julai 1989 injini iliwaka, karakana nzima ikapiga kelele, na mdogo wake akakabidhiwa usukani. Likaitwa Kiraka.

Alikataa katakata lipakwe rangi moja. "Rangi ndiyo cheti chake cha kuzaliwa," alisema. "Ukiona njano, chukua spana ya inchi. Ukiona nyekundu, ya milimita. Ukikosea, unakula meno ya bolti, na msimu umekwisha." Kwa miaka thelathini na zaidi Kiraka kililima karibu kila shamba la watu waliosimama hapa.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2021, miguu ikawa inamvimba. Tarehe 2 Juni 2022 alilazwa wiki tatu.

Sasa tumefika. Wiki hizo tatu dereva hakuweza kukaa nyumbani. Mikono ilimwasha, akataka kumfanyia kaka yake kitu cha kumfurahisha. Akanunua makopo sita ya rangi nyekundu, akakipaka Kiraka chote kuanzia boneti hadi tela. Kilipendeza, jamani. Nakuja alipotoka hospitali alipelekwa kukiona akiwa amefungwa macho kwa kitambaa. Alipofunguliwa alipitisha kidole kwenye boneti. Kisha akauliza, taratibu, "Sasa hili ni trekta gani?"

Kesho yake alikuwa karakana na brashi ya waya.

"Kaka, daktari kasema upumzike."

"Daktari anajua giaboksi ilitoka wapi?"

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikwangua kila siku, ubavu mmoja baada ya mwingine, akisimama kuvuta pumzi, huku akisema hataki kuondoka na majibu kichwani. Watu wakasema rangi ya dereva ndiyo itakayommaliza. Shangazi yetu alimwambia dereva waziwazi. Dereva akaamini, akaona aibu, akaacha kwenda karakana. Miezi mitatu hakukanyaga. Alimsalimia kaka yake kwa simu, na kwa simu kaka alisema kila mara, "Njoo basi," naye akajibu, "Nakuja."

Marehemu alifariki tarehe 9 Oktoba saa kumi na moja alfajiri, nyumbani, amekaa kitini, kiatu kimoja kimeshavaliwa.

Jana ilihitajika tela lifungwe nyuma ya Kiraka ili limbebe marehemu. Dereva alimwambia shemeji atafutwe mtu mwingine.

"Shemeji, mimi nimechoka," mjane alijibu. "Kila jioni aliniuliza, 'Dereva hajafika? Nani atanishikia tochi?' Tela halijifungi lenyewe. Nenda."

Dereva akaenda, akaingia chini ya trekta na tochi. Rangi nne zilikuwa zimerudi. Na kwenye kila chuma, upande usioonekana, palikuwa na maandishi ya brashi nyembamba, meupe. *Injini: ilitoka kwenye pampu ya maji, shamba la miwa. Inchi.* *Giaboksi: ya trekta lililopinduka mtoni. Milimita.* *Ekseli: sijui ilikotoka. Nimejaribu. Inchi.* Kwa maandishi hayo bolti za tela zilipatikana mara moja, zikakazwa vizuri.

Alipokuwa anatoka aliona upande wa ndani wa madigadi ya kushoto, lile bati la kukinga tope la tairi. Haukukwanguliwa. Ulikuwa mwekundu vilevile, unang'aa, na juu yake pameandikwa: *Rangi: ilitoka kwa mdogo wangu. Msiikwangue.*

Dereva alilia pale chini, akalia sana, na hana haya kuwaambia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, shangazi mmoja ambaye dereva amemsamehe, na mdogo mmoja ambaye sasa anakunja karatasi hii ili akawashe Kiraka. Wanaotaka kuona wachungulie madigadi ya kushoto tukifika.

Pumzika, kaka. Kama huko kuna kitu kimelegea, waache wengine wakikaze. Safari hii dereva amefika.