Gego Ambalo Halimo Kwenye Ikisiri

Benchi lililoegemea duka la spea la Surjit, mitaa ya Mawenzi, hupata wenyewe kuanzia saa kumi jioni, muuza kahawa anapotua birika lake. Jumanne ile Primus aliwahi. Ni fundi viatu, mtu wa Kilema, na kijiweni wanamwita Gego tangu mwaka jana, alipojiunga na utafiti wa dawa mpya ya kuziba meno bila kuchimba. Wiki ya tatu shavu lilivimba hata usingizi ukamkimbia. Aliporudi kliniki akaambiwa keshatolewa kwenye utafiti. Jino akaling'oa kwingine. Sasa matokeo yametoka. Surjit, ambaye hapo kijiweni ni Spana, alitoka nayo dukani: karatasi moja, Kiingereza juu, na chini tafsiri kwa peni ya Khyati, mpwa wake anayesomea udaktari wa meno.

— Hii inaitwa ikisiri, alisema Spana. Utafiti wote kwa ufupi. Khyati anasema madaktari wengi wanasoma hapa tu, wanafunga, wanaenda kutibu.

— Soma, alisema Primus.

— "Wagonjwa waligawanywa katika makundi mawili. Dawa mpya ilionyesha matokeo bora. Ni salama na inapendekezwa."

— Endelea.

— Imeisha.

Primus alicheka kwa pua. Hata tangazo la msiba lina maelezo mengi kuliko hayo. Huko angalau marehemu hutajwa.

Eliezeri, mlinzi mstaafu wa chuo, na kwa hiyo Profesa, alipiga funda la kahawa kwanza.

— Waandishi wake hapo ni tisa, Gego. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Neno halijaharibika, Meku, alijibu Primus, kama Wachaga wanavyomwita mzee. Limeharibika jino.

— Lakini hayo makundi waliyagawaje? aliuliza Spana. Hawasemi.

— Kwa macho, alijibu Profesa. Wenye meno ya maana huku, wenye meno kama ya Gego kule. Chanda chema huvikwa pete.

— Kwa hiyo waliopona ni wale waliokuja wazima, alisema Primus.

— Ndiyo sayansi yenyewe hiyo.

— Mimi naona walibanwa na nafasi, alisema Spana. Khyati anasema wanapewa maneno mia mbili na hamsini, basi. Sasa ukibanwa si unapunguza? Wakapunguza wagonjwa.

— Wakaanza na waliovimba, alisema Primus, maana ndio wanaojaza ukurasa.

— Nyie hamjui mambo ya ndani, alisema Profesa. Waliovimba wana ikisiri yao, ya Kilatini, imefungiwa Ulaya. Sanduku lake nililiona mwenyewe pale chuoni.

— Uliona yaliyomo? aliuliza Spana.

— Niliona sanduku. Nilikuwa lindoni.

— Acha kamba, mzee.

Spana alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Primus hakucheka. Alimkumbuka nesi wa kliniki ile, jinsi alivyoandika kila alichoambiwa, akamrudisha nyuma ataje vizuri tarehe shavu lilipoanza kuvimba. Kila alipokwenda alivaa shati la kanisani. Hata siku ile aliyoambiwa katolewa, alirudi nyumbani ameshika shavu akijisemea kwamba angalau maumivu yake yatamfaa mwingine. Kumbe hayakupata hata nusu mstari.

Ndipo akaja Mektrida, mkulima wa mpunga aliyepanda kutoka Chekereni, viatu vyake mkononi, soli zimeachia.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitika.

Alimkabidhi Primus viatu, akauliza wanasoma nini. Spana akamsomea yote. Haikuchukua muda.

— Basi ndiyo hiyo hiyo, alisema Mektrida. Kesho naenda kuzibwa jino. Daktari kaniambia ipo mpya, haichimbwi, utafiti umeshathibitisha. Ila nawauliza, maana nyie mnayo karatasi: walianza watu wangapi, na waliomaliza ni wangapi?

Spana alishuka na kidole mstari kwa mstari, Kiingereza, kisha peni ya Khyati. Akamwangalia Profesa. Profesa akainua kikombe, akakuta mashapo matupu, akamwita muuza kahawa, naye akatikisa birika na kusema imeisha.

Primus aliweka viatu chini, akasogea kumpisha nafasi kwenye benchi.

— Idadi siijui, dada. Ila mimi nilianza, na sikumaliza. Kaa hapa nikueleze.